Natafuta namba 1 napata namba 3: nani amewahi kurekebisha kebo za gia mwenyewe nyumbani?

#1 Nusu Klachi

Wakuu, habari za humu.

Nina Toyota MR2 ya kizazi cha pili, ya 1991, injini 3S-GE, gia 5 za mkono. Kwa asiyeijua: injini imekaa nyuma ya viti, giaboksi iko hukohuko nyuma, liva iko mbele kwenye konsoli, na kinachoviunganisha ni kebo mbili ndefu zinazopita katikati ya gari kwa chini. Moja inapeleka mwendo wa mbele na nyuma, nyingine wa kushoto na kulia. Kebo zangu si za kiwandani. Mwenye gari wa kwanza alifunga zile zenye hesi na nati mwishoni, unazoweza kuzirefusha na kuzifupisha.

Tatizo lilianza kidogokidogo. Nasimama, natia namba 1, liva inapanda bila ubishi, naachia klachi, gari linatetemeka kama limeona jini, linazima. Kumbe nimetia 3. Narudia huku nimeibana liva kushoto kwa nguvu, namba 1 inapatikana. Namba 2 nayo ikaanza mchezo huohuo, naitafuta naangukia 4. Namba 5 haina neno. Rivasi inaingia ila inasaga.

Jumamosi nikaamua. Nikalegeza nati ya kebo ya kushoto-kulia kule kwenye giaboksi, nikazungusha raundi tatu, nikakaza. Namba 1 ikarudi safi kabisa, nikajipongeza. Halafu nikatafuta 5, nikapata 3. Rivasi ndiyo haipo kabisa, nikiitafuta napata 4. Na gari liliingia gereji kwa pua, limetazama ukuta.

Hapana, sikuweka alama kabla ya kuzungusha. Msinianzie hapo.

#2 Kiti cha Nyuma

Tunaanzia hapohapo 😂 Naweka kambi.

#3 Turbo Bila Mafuta

Mkuu hiyo kebo imevutika tu. Rudisha raundi moja na nusu, utapata pande zote mbili. Ikibidi funga liva fupi, utasahau habari za kutafuta gia.

#4 Nusu Klachi

Nimerudisha raundi moja na nusu. Sasa namba 1 naipata kwa kulazimisha, na 5 naipata kwa kulazimisha. Rivasi imeingia mara moja kati ya majaribio sita. Haki imetendeka pande zote.

#5 Mama Giaboksi

Kijana, shusha spana kwanza. Iweke mbali kabisa.

Soma ulichoandika mwenyewe. Mwanzo, upande wa 1 na 2 ulikuwa haufikiki na upande wa 5 na rivasi unafikika. Ukazungusha raundi tatu, mambo yakageuka kinyume chake. Ukarudisha nusu, sasa unafika kote kwa shida. Hujarekebisha kitu. Ulilichukua pengo ukalihamisha kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kisha ukaligawa katikati. Pengo lenyewe ni lilelile, na ukizungusha hiyo nati mpaka kesho litakuwa lilelile.

Ndani ya giaboksi kuna springi inayourudisha mhimili katikati, kwenye mstari wa 3 na 4. Ndiyo maana ukiikosa 1 huangukii kwingine ila 3, na ukiikosa rivasi unaangukia 4. Liva umeisukuma mpaka mwisho wake, lakini kule nyuma mkono wa giaboksi haujafika mwisho wake, springi inashinda, gia ya jirani inaitika. Kwa hiyo usihangaike na urefu wa kebo. Tafuta kwanza liva inatembea kiasi gani kabla giaboksi haijajua kwamba kuna mtu ameigusa.

Mimi kabla ya kulala chini ya gari huwa nachora kile kilichoandikwa kwenye kitasa cha liva: 1, 3, 5 juu, 2, 4, R chini. Kisha nazungushia duara gia zinazosumbua. Zikiwa ni za safu, yaani 1, 3 na 5 zote hazizami vizuri au zinachomoka, natazama kebo ya mbele-nyuma. Zikiwa ni za mstari wa wima, kama hizi zako 1 na 2, natazama kebo ya kushoto-kulia pamoja na viungo vyake. Ikiwa ni gia moja tu na zilizobaki zote nzima, naacha kebo. Hiyo iko ndani, ni sinkronaiza (pete inayolinganisha mwendo kabla gia haijazama) au foki (uma unaosukuma gia) au meno, na hakuna nati ya nje itakayoitibu.

Kesho fanya hivi. Zima injini, tia nyutro, weka kabari kwenye matairi. Mtu akae kwenye kiti aitikise liva kushoto na kulia taratibu, asiingize gia. Wewe anza kwenye liva uende nyuma, kiungo kimoja baada ya kingine. Weka kidole juu ya kila kiungo, nusu kwenye kipande hiki na nusu kwenye kile. Pale ambapo kidole kitahisi upande mmoja umetembea na wa pili umelala, ndipo pengo lilipo. Macho yanadanganya hapo, kidole hakidanganyi.

Na ukifungua kitu, piga picha ya mpangilio wa washa (zile pete bapa) na klipu kabla hujazitoa.

#6 Turbo Bila Mafuta

Mama nakuheshimu, ila kebo huvutika. Nimeona nyingi.

#7 Mama Giaboksi

Umeona nyingi zenye ala (ganda la nje la kebo) iliyoyeyuka karibu na ekzosi, au zilizochomoka pale zinaposhikwa na breketi, ukasema zimevutika. Waya wa chuma wa ndani haurefuki mpaka ukukoseshe gia nzima. Ala ikitembea kwenye breketi, dalili ni zilezile za kebo iliyorefuka, kwa hiyo na hapo apitishe kidole.

#8 Upepo Kichwani

Samahani kuingilia. Mimi nina Mazda MX-5 ya kwanza kabisa (NA), liva nayo imekuwa ngumu na hewa ya moto inapanda kwenye konsoli mguu unaungua. Kebo zake ziko wapi? Nimevua ngozi sizioni.

#9 Chuma Chakavu

Hazipo ndugu yangu. MX-5 injini iko mbele na giaboksi iko chini ya mkono wako, liva inazama moja kwa moja ndani yake. Honda S2000 hivyohivyo. Hamna cha kurekebisha, kuna vya kubadilisha.

Ukitoa kitasa na ngozi utakuta mpira mkubwa wa vumbi, chini yake kuna mpira mdogo unaozuia mafuta. Hewa ya moto maana yake mipira imepasuka. Ukiichomoa liva, kwenye ncha yake utakuta kikombe kidogo cha plastiki. Kikivunjika liva inacheza na kelele zinapanda kwenye mkono. Kile kishimo inachosimamia liva kina mafuta yake mwenyewe ya gia, kiasi kidogo, hakijazwi unapojaza giaboksi kwa chini. Wengi wakikifungua wanakuta kikavu au kuna matope meusi. Nyonya uchafu kwa bomba la sindano, tia mafuta mapya, funga mipira mipya, halafu uje utuambie kama bado unasema liva ni ngumu.

Mwenye uzi atusamehe.

#10 Upepo Kichwani

Mpira wa chini umekatika vipande viwili. Ahsante sana mkuu, naondoka kimyakimya.

#11 Nusu Klachi

Nimerudi. Shemeji alikaa kwenye kiti, mimi kidole.

Kwanza nilivua konsoli yote, skrubu mbili zilikuwa zimejificha chini ya kisahani cha sarafu, zimenipotezea nusu saa. Chini ya liva kuna kipande cha chuma kama kiwiko ambacho liva ikienda kushoto chenyewe kinavuta kebo. Kwenye tundu la jicho la kebo, pale linapokaa kwenye pini ya hicho kiwiko, kidole kiliruka. Liva inatembea upana wa vidole viwili hivi, jicho la kebo bado limelala usingizi.

Nikatoa klipu, nikatoa washa, nikachomoa jicho. Ndani kulipaswa kuwe na bushi ya plastiki kama pete. Nilichokikuta ni nusu pete. Imebaki upande mmoja tu, umbo la mwezi mchanga, rangi imekuwa kama chai ya maziwa, nikaibonyeza kwa ukucha ikamegeka. Nusu ya pili sijaiona. Nadhani ni ule unga niliofuta kwenye kapeti.

Sasa nimeelewa kwa nini upande mmoja ulikuwa unafanya kazi. Liva ikisukuma, chuma kinagota kwenye ile nusu iliyobaki, kebo inaenda. Ikivuta, haina cha kugota, inatembea kwenye tundu tupu. Picha nimepiga.

#12 Kiti cha Nyuma

Raundi tatu za nati kwa sababu ya kipande cha plastiki kidogo kuliko pete ya ndoa.

#13 Turbo Bila Mafuta

Haya nimekubali ni bushi. Zungushia kamba ya plastiki ile ya kufungia nyaya, au jaza tepu, utatembea hata mwaka.

#14 Mama Giaboksi

Akikwama barabarani afanye hivyo afike kwake, sina ugomvi. Lakini kwenye gereji yake na gari limesimama, hapana. Tepu inabanwa, pengo linarudi, na safari hii linarudi ukiwa unatoka 4 kwenda 5 kwa mwendo mkali, unaangukia 3. Injini inapaa kuliko inavyotakiwa, valvu zinakutana na pistoni, hapo ndipo utaijua thamani ya bushi.

Nusu Klachi, badilisha zote. Nne: jicho la mbele na la nyuma kwa kebo zote mbili. Zilizeeka pamoja. Kuna za plastiki kama za kiwandani, kuna za poliyurithani ambazo ni ngumu zaidi, kuna za shaba au alumini. Za chuma liva inakuwa kali sana ila mtetemo wote wa injini unakuja mkononi. Kwa gari la kutembelea mimi nafunga plastiki au poliyurithani, na grisi kidogo kwenye pini. Kwenye kebo yenyewe usimimine chochote. Nyingi zina utando laini kwa ndani, mafuta yanakusanya vumbi tu. Ukishazichomoa macho pande zote mbili, vuta na usukume kwa vidole. Iteleze bila kukwama popote. Ikikwama mahali, kebo hiyo ni ya kubadilisha, bushi mpya hazitaisaidia.

#15 Chuma Chakavu

Naongeza kidogo kwa sababu jambo ni hilohilo hata kwenye magari yasiyo na kebo. Mimi yangu ni Porsche 911 ya zamani, ya injini ya kupozwa kwa hewa. Pale liva inasukuma fimbo ndefu ya chuma inayopita kwenye handaki la katikati mpaka nyuma, na kuna kiungo kimoja chini ya kifuniko kidogo kati ya viti vya nyuma. Kiungo hicho kina bushi zake. Zikiisha, kutafuta namba 2 ni kama kukoroga uji.

Miezi mitatu nililegeza na kukaza kile kibanio cha fimbo. Kila Jumapili. Nilikuwa na daftari la milimita! Siku nilipobadilisha bushi niligundua marekebisho yote ya daftari yalikuwa yanafuata uchakavu, wiki hii umefika hapa, wiki ijayo umefika pale. Daftari ninalo bado, sijui kwa nini silitupi.

#16 Nusu Klachi

Bushi zimefika, za poliyurithani. Kebo zote mbili zinateleza vizuri, nimejaribu. Nimefunga nne zote. Za upande wa giaboksi zilikuwa na uhai ila zimelegea.

Swali: sasa nati naiweka wapi? Nimeshazungusha tatu, nikarudisha moja na nusu, halafu usiku ule wa hasira nadhani niliongeza nyingine. Sikumbuki. Ile alama nisiyoiweka imeanza kuniuma.

#17 Mama Giaboksi

Alama ipo, gari lilikuwekea lenyewe. Chukua tochi, tazama hesi kwa karibu. Sehemu iliyokaa nje miaka yote ina uchafu na kutu, sehemu iliyokuwa imefunikwa na nati inang'aa au ina rangi tofauti. Utaona mpaka. Rudisha nati ya kufungia kwenye mpaka huo. Hapo ndipo aliyezifunga kebo alipoiacha, na hapo ndipo pa kuanzia, ingawa si lazima pawe pa kuishia.

Halafu fanya hivi, na hapa nataka uwe mvumilivu.

Gari liwe kwenye stendi nne imara au kwenye njia za kupandishia. Jeki peke yake hapana, hata kwa dakika moja. Injini iwe imepoa, maana ekzosi iko karibu na mkono wako. Giaboksi iwe nyutro. Chomoa jicho la kebo ya kushoto-kulia kwenye giaboksi. Ule mkono wa giaboksi usukume kulia uuachie, usukume kushoto uuachie. Mara zote unarudi mahali pamoja, hiyo ndiyo springi, na hapo ndipo katikati ya kweli. Usiuguse tena.

Mbele, shemeji aishike liva katikati ya kushoto na kulia. Kukisia kwa macho ni kubaya. Magari mengine yana tundu la kupitisha pini ya kuifunga liva. Kama lako halina, pima umbali wa chuma cha chini cha liva mpaka kingo za fremu yake pande zote mbili, ukate vibao viwili vinavyolingana, uvichomeke kulia na kushoto, liva ibanwe katikati. Mtu kushika kwa mkono tu atachoka, atapiga chafya, kazi itaharibika.

Sasa lete jicho la kebo juu ya pini bila kulisukuma. Likidondoka lenyewe kwenye pini, umemaliza. Likigota kabla au likipitiliza, zungusha nusu raundi, jaribu tena. Tunachotafuta ni lile kudondoka. Ukilazimika kulivuta hata kidogo liingie, umeshaanza kuipinda springi na giaboksi haitakaa katikati.

Ukikaza nati ya kufungia tumia spana mbili, moja ishike ncha ya kebo isizunguke. Ncha ikizunguka nawe, jicho linakaa upande na bushi mpya italiwa ndani ya miezi.

Kebo ya mbele-nyuma kama hukuigusa usiiguse. Ila ipime hivi: tia 3, kisha isukume liva mbele zaidi, inapaswa iende kidogo kama kupumua. Tia 4, ivute nyuma, ipumue vilevile. Ikipumua upande mmoja na kugota papo hapo upande wa pili, liva inafika mwisho kabla gia haijazama, na gia isiyozama yote ndiyo inayochomoka baadaye.

#18 Turbo Bila Mafuta

Hilo la kupumua sikuwahi kulisikia. Nimetoka kupima yangu. 3 inapumua, 4 inagota kama mlango wa chuma. Na kweli 2 na 4 huwa zinaruka nikiachia mafuta ghafla.

#19 Mama Giaboksi

Safu ya chini nzima. Chora kwenye karatasi. Ila na maunti za injini (vishikizo vya mpira vinavyoibeba) uzitazame kabla ya kebo. Injini ikijipinda kwenye maunti zilizokufa inaivuta kebo yenyewe, na inajipinda hasa pale unapokanyaga au kuachia mafuta.

#20 Chuma Chakavu

Na ile liva fupi ambayo Turbo alitaka kukuuzia, Nusu Klachi, hapa ndipo pa kuijibu. Liva fupi haibadilishi umbali giaboksi inaoutaka. Inabadilisha mgao tu: mkono wako unatembea kidogo, unasukuma kwa nguvu zaidi. Na kosa la milimita chache kwenye kebo, ambalo liva ndefu ingelimeza, liva fupi inakuonyesha lote. Ifunge ukishamaliza kurekebisha, kabla ya hapo unajitafutia presha.

#21 Nusu Klachi

Taarifa.

Mpaka kwenye hesi upo kweli. Upande mmoja kahawia, upande wa pili fedha, mstari kama umechorwa kwa kalamu. Nilikuwa nimepotea kwa raundi mbili na kitu. Nimeirudisha, nikakata vibao viwili kutoka kwenye rula ya shule ya mwanangu (amenuna), nikaibana liva.

Jicho lilipitiliza pini kwa unene wa sarafu hivi. Nusu raundi, bado. Nusu nyingine, likagusa ukingo. Robo, likadondoka. Sauti yake ndogo sana, "tik", lakini shemeji aliyekuwa mbele akaniuliza, "Ndiyo hiyo?"

Injini imezimwa, gia zote 5 zinapatikana. Mara mbili 2 iligoma kuingia, nikakumbuka kutolazimisha. Nikasukuma tairi kidogo kwa mkono meno yakapishana, ikazama.

3 inapumua mbele, 4 inapumua nyuma, sawasawa. Nikashusha gari, nikawasha. 1 ni 1. 2 ni 2. 5 ipo.

Rivasi inaingia lakini bado inasaga. Nirudi kwenye nati?

#22 Mama Giaboksi

USIRUDI KWENYE NATI.

Injini ikiwa imezimwa rivasi inaingiaje?

#23 Nusu Klachi

Kama kisu kwenye siagi.

#24 Mama Giaboksi

Basi kebo imeshatimiza wajibu wake. Kebo haijui kama injini inazunguka au haizunguki. Kinachojua ni klachi. Klachi yako haiachii yote, kwa hiyo shafti ya kuingilia giaboksi inaendelea kuzunguka hata umekanyaga mpaka chini. Gia za mbele zina sinkronaiza, zinaisimamisha kwa nguvu na kukuficha. Rivasi kwenye giaboksi nyingi haina, inakwambia ukweli kwa meno.

Jaribu mawili. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, ndipo utie rivasi. Kisha jaribu kupampu pedeli haraka mara tatu, ushikilie chini, utie rivasi. Kusaga kukipotea baada ya kupampu, kuna hewa kwenye bomba la klachi au silinda mojawapo ya klachi inavujia ndani.

#25 Nusu Klachi

Nikisubiri inasaga. Nikipampu haisagi.

#26 Chuma Chakavu

Hewa. Tazama kopo la mafuta ya klachi limeshuka kiasi gani, halafu mtoe hewa na shemeji: akanyage ashikilie, wewe legeza nipo (kile kiskrubu cha kutolea hewa) kwenye silinda ya chini iliyo kwenye giaboksi, mafuta yenye mapovu yatoke, kaza, ndipo aachie. Asiachie kabla hujakaza, itanyonya hewa upya. Kopo lisikauke katikati ya kazi. Mafuta hayo ni yaleyale ya breki, yanakula rangi ya gari, kwa hiyo weka kitambaa na maji karibu. Na chungulia chini ya kile kimpira cha silinda ya chini: ukikuta majimaji, silinda imechoka, kutoa hewa kutakupa wiki mbili tu.

#27 Kiti cha Nyuma

Nami niulize la kijinga. Asubuhi gari likiwa baridi namba 2 ngumu, likipata moto inakuwa laini. Nirekebishe nini?

#28 Chuma Chakavu

Hilo si la kijinga. Kebo haiwi laini kwa sababu injini imepata moto, mafuta ndiyo yanalainika. Ferrari za zamani zenye ile sahani ya chuma ya wazi kwenye liva zinajulikana kwa hilo, wenye nazo huruka kutoka 1 kwenda 3 mpaka mafuta yapate joto. Endesha taratibu dakika za mwanzo. Ila hakikisha una mafuta sahihi: kitabu kikisema GL-4 (daraja la mafuta ya gia), tia GL-4. GL-5 ina viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu, na kwenye sinkronaiza za shaba unaweza kujiletea ugumu huohuo unaoulalamikia.

#29 Nusu Klachi

Mapovu yalitoka mengi, kama soda iliyotikiswa. Mara kumi na kitu mpaka yakaisha. Silinda ya chini ni kavu, namshukuru Mungu. Pedeli sasa inashika juu zaidi.

Rivasi imeingia kimya. Nimelitoa gari gereji kwa rivasi yake yenyewe mara ya kwanza ndani ya siku kumi na moja, shemeji anapiga makofi kama ndege imetua. Nimezunguka nusu saa, nikisimama kila mahali ili tu nitie namba 1.

Jambo moja. Nikiwa nafunga konsoli nimebakiwa na washa moja nyembamba kwenye kisahani.

#30 Mama Giaboksi

Fungua zile picha ulizopiga kabla ya kuchomoa.

#31 Nusu Klachi

😐 Inakaa kati ya jicho la kebo na klipu. Ya mbele, kwenye kiwiko.

#32 Mama Giaboksi

Vua konsoli, irudishe leo. Bila hiyo washa klipu ndiyo inayosuguana na bushi, siku moja jicho linateleza nje ya pini na liva inabaki mkononi kama kijiko.

#33 Nusu Klachi

Imerudi. Skrubu mbili za chini ya kisahani cha sarafu safari hii dakika moja tu, nazijua kwa majina.

#34 Msafiri wa Tatu

Nimesoma uzi wote kwa mkupuo, ahsanteni. Nina Porsche Boxster ya kwanza (986), nayo ina kebo mbili. Namba 2 inachomoka nikiachia mafuta kwenye mteremko. Kwenye kebo nianzie mbele au nyuma?

#35 Mama Giaboksi

Namba 2 peke yake, au na 4 pia?

#36 Msafiri wa Tatu

2 peke yake. 4 iko imara, na nyingine zote.

#37 Mama Giaboksi

Basi usiguse kebo. Fungua uzi mwingine, uandike na umbali gari lilikotembea na mara ya mwisho mafuta ya giaboksi yalipobadilishwa. Mafuta ukiyamwaga, yachuje kwenye kitambaa cheupe ututumie picha ya kilichobaki.